Tone la Rangi ya Kucha

Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, na watoto wamemwagika barazani kama siafu waliochokozwa. Katikati yao Fundi alikuwa amechuchumaa, anapuliza vumbi ndani ya kompyuta. Likatoka wingu zima, likatua juu ya gauni la manjano lililokuwa linapita.

"Nilikuwa naenda kikaoni, Fundi," mwenye gauni akasema, anajikung'uta. "Sasa naingia kama nimetoka kusaga unga."

"Nisamehe, Mwalimu. Sikukuona."

"Manjano yote hii hukuiona? Basi hizo kompyuta unatengeneza kwa kupapasa."

Watoto wakacheka, naye Fundi akacheka. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shule za serikali, kufufua kompyuta zilizokata roho. Tangu siku hiyo zamu zake zikawa zinaelekea shule moja tu. Mwalimu ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta. Fundi akamfundisha kuchomoa memori, kile kibao chembamba cha ndani, na kusugua meno yake kwa raba ya penseli mpaka yang'ae.

"Kitendawili," Fundi akamwambia.

"Tega."

"Akiwa macho anakumbuka yote. Akilala, hata jina lake hajui."

"Huyo si baba yangu mdogo?"

"Ni memori, mpenzi."

"Basi anaye nduguye kwetu."

Mapenzi yakanoga. Sasa Mwalimu alikuwa na kompyuta kuukuu nyumbani. Akiiwasha anaoga, anavaa, anachana nywele, ndiyo kwanza nayo inapiga miayo. Fundi akatamani kumfurahisha. Stoo ya ofisini memori hakuna. Ijumaa moja, yuko peke yake katika chumba cha shule, mkono wake ukaenda kwenye kompyuta ya dirishani ukachomoa ya humo. Pembeni ilikuwa na kitone chekundu. Akadhani ni alama ya kiwandani. Nitairudisha humu stoo wakileta nyingine, akajiambia. Stoo hawakuleta.

Jioni aliibeba imefungwa kwa karatasi laini, utadhani hereni.

"Umeipata wapi, laazizi?"

"Nilikuwa nayo tu."

Kompyuta ikawaka kufumba na kufumbua. Mama yake Mwalimu akampisha Fundi kiti chenye mto, na tangu hapo hamwiti ila mkwe. Kila akiitwa mkwe, masikio yalimchoma.

Haukupita muda, simu ikaita.

"Fundi wangu, ile ya dirishani imegoma. Watoto wanabanana kwenye nyingine, wanagombana. Njoo."

"Nitakuja. Shule ni nyingi."

"Kwetu nyumbani mbona nafasi hukosi? Au kuna shule nyingine yenye gauni la manjano?"

Fundi akacheka kicheko kikavu, wala hakukana. Aliona afadhali adhaniwe ana mwingine kuliko ajulikane alichofanya. Simu ikakatwa, akabaki ameishika, anajichukia.

Siku kadhaa kimya. Kisha sauti ile ile, lakini imepoa.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu.

"Kimetoka kwetu, kimeingia kwangu, na aliyekiiba nimemshukuru."

Fundi akaihamishia simu sikio la pili.

"Niliifungua ile ya dirishani niisugue kwa raba, nikuonyeshe nimehitimu. Nikakuta pengo. Nikasema, wezi. Nikafungua ya kwangu, nitoe memori niwaazime watoto. Nakuta tone la rangi ya kucha. Rangi yangu. Kila kibao cha chumba kile nilikitia tone, kisipotee. Watoto nimewaambia wameibiwa. Aliyewaibia sikumtaja. Aibu nimeona mimi kwa ajili yako, na sijui niiweke wapi."

"Nipe niibebe mwenyewe," Fundi akasema.

Asubuhi akasimama mbele ya darasa. Mwalimu alikuwa mlangoni na gauni lile lile, amekunja mikono.

"Memori ya kompyuta yenu niliichukua mimi."

Msichana wa mbele akauliza, "Kwa nini?"

"Nilitaka kumpendeza mtu."

"Na sisi je?"

Fundi akatazama viatu vyake. Jibu halikuwepo huko. Akairudisha memori mahali pake huku macho yote yako mgongoni mwake. Kompyuta ikalia mlio wake mdogo, ikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Akaenda kwa mwalimu mkuu, kisha ofisini kwao, akasema yale yale, akapewa onyo, akalistahili.

Mwalimu hakupiga simu mpaka gauni la manjano lilipofuliwa mara nyingi.

"Yangu inalala tena. Pita uitazame."

Mama mtu alimwitikia salamu, akaingia jikoni. Neno mkwe hakulitamka. Kiti chenye mto alikikalia paka. Mwalimu akabonyeza kitufe. Kompyuta ikaguna, kioo kikabaki giza.

"Naweza kukutafutia nyingine, ya halali, ya dukani," Fundi akasema.

"Usiiguse. Nataka iwe nzito hivyo hivyo."

"Itachukua muda kuwaka."

"Ndiyo muda wako huo. Sema."

Akasema. Aibu yake, uongo wake, hata ile simu aliyoacha adhaniwe mhuni. Mwisho, kwa sauti ndogo: "Na ningeomba unioe, kama wanaume tungekuwa tunaolewa. Kwa kuwa hatuolewi, nikuoe mimi. Utakubali?"

Mwalimu akatazama kioo. Bado giza.

Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo. "Mkwe," mama akaita, "unakunywa chai?"

Masikio yakamchoma Fundi kama zamani. Safari hii hakuinamisha kichwa, alimtazama Mwalimu.

"Umeulizwa na mama mkwe wako," Mwalimu akasema. "Mjibu."