Mpe Mtu Mkononi

Jua lilipochomoza, Nyambeki alikuwa amekwisha kuwasha moto, kuchemsha chai ya maziwa na kumvisha mdogo wake Masese sweta ya pili. Huko Kimulot, karibu na msitu wa Mau, baridi ya asubuhi haina huruma kwa mkubwa wala mdogo. Baba yao, Onyancha, alikuwa shambani na kikapu mgongoni, akichuma majani chai. Kabla ya kwenda shule, Nyambeki, aliyekuwa Gredi ya Saba, alimpeleka Masese kwa jirani, Mama Phelis.

Kazi hizo zote zilikuwa za mama, na Nyambeki hakuzilalamikia. Kilichomuuma ni kumkosa mama mwenyewe, jinsi alivyogombana na kuni mbichi kana kwamba zinasikia, na jinsi alivyocheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake. Mama yao, Bonareri, alikuwa mpishi katika shule ya bweni huko Kajiado, safari ya siku nzima, na alirudi nyumbani shule zilipofungwa tu. Kila jioni aliwapakulia chakula watoto mia tatu, na watoto wake hawakuwa miongoni mwao.

Masese, aliyekuwa na miaka mitatu, alidhani simu ya baba ndiyo mama. Kila ilipolia, hata kama aliyepiga ni karani wa kituo cha chai, aliikimbilia akiita mama.

Mwezi wa pili, kiwanda cha chai kilichokuwa mwendo wa saa moja kutoka kwao kilitangaza kazi ya mpishi wa kantini. Mama aliandika barua ya kuomba kazi, akaitia katika bahasha pamoja na nakala za vyeti vyake, akaituma nyumbani kwa basi. Siku ya kuipeleka, baba alikuwa na majani ya kupimwa, na majani yaliyochumwa hayamngoji mtu. Kazi ikamwangukia Nyambeki.

"Usimwachie mlinzi, wala usiiweke mahali tu," mama alimwambia kwenye simu. "Mpe mtu wa ofisi mkononi, halafu umuulize jina lake. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kusikia alisikia. Lakini mvua ya alasiri, ambayo huku haikosi miadi, ilimkuta njiani, akafika kiwandani ametapakaa tope hadi magotini. Mlinzi wa getini, Mzee Ooko, alimpa kitabu cha wageni. Nyambeki akaandika jina lake, tarehe, na sababu ya kuja kwake. Alipofika kwenye mlango wa ofisi, aliona sakafu inayong'aa na watu waliovaa tai wakizungumza na kucheka. Akazitazama gambuti zake, viatu vya mpira vilivyojaa tope. Aibu ikamshika, akarudi nyuma.

Ukutani, nje ya mlango, palikuwa na sanduku la bati lenye kufuli na tundu refu. Kama sanduku ni la ofisi, alijiambia, basi ukiitia barua humo umeipa ofisi. Akaitumbukiza bahasha, akatimua mbio.

Jioni mama alipopiga simu kumuuliza, Nyambeki alijibu kwamba alimpa mwanamke mmoja mwenye miwani. Jina lake? Alikuwa amelisahau. Uongo ulimtoka kwa wepesi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Kisha wakaanza kungoja. Wiki ya kwanza Nyambeki aliipaka kuta za jikoni udongo mpya, maana mama hapendi kuta zenye nyufa. Wiki ya pili alitoa leso ya mama chini ya godoro, akawa anainusa kidogo kidogo kwa uchoyo, ili harufu ya moshi na vitunguu isiishe. Wiki ya tatu ilipopita kimya, alimwomba baba aende kiwandani akaulize.

"Ofisi haiulizwi," baba alisema. "Ukiwasumbua, barua yako ndiyo ya kwanza kutupwa."

Basi huyo ndiye Onyancha, ambaye angebishana na karani wa mizani kwa ajili ya nusu kilo ya majani mpaka dereva wa lori apige honi. Mbele ya ofisi alinywea. Wala hakuwa peke yake. Pale kijijini wengi walipeleka barua zao za kazi kisha wakakaa kimya, wakidhani kunyamaza ndiyo adabu.

Jumapili mama alipiga simu, na sauti yake haikuwa na kicheko. Alieleza kwamba mwalimu mkuu wa Kajiado alitaka atie sahihi mkataba mwingine wa miaka miwili kabla ya wiki kuisha. Asipotia, atapoteza kazi aliyo nayo. Akitia, ndiyo basi, wataendelea kuonana likizo hadi likizo.

"Kesho ukitoka shule, nenda kwa yule mama wa miwani," alisema. "Msalimie vizuri. Mwambie jina langu, kazi niliyoomba na siku uliyopeleka barua. Uliza kama ilifika na watajibu lini. Usilalamike. Uliza, ushukuru, urudi nyumbani."

Ataenda kwa mama yupi wa miwani? Wazo lilimjia kwamba angeweza kuzunguka tu barabarani, kisha arudi na kusema wameambiwa wangoje. Wakati huo Masese alimnyang'anya simu, akakigonga kioo chake kwa kidole.

"Mama," alisema, "toka."

Upande wa pili mama alivuta pumzi kwa kwikwi. Nyambeki alijua analia, na wazo lile la kuzunguka barabarani likamtoka kabisa.

Jumatatu aliziosha gambuti zake kwenye mtaro kabla ya kufika getini, akaandika tena jina lake katika kitabu cha Mzee Ooko, akaingia ofisini. Nyuma ya meza alikaa mwanamke kijana, asiye na miwani. Kibao mezani kilionyesha jina lake, Christabel. Nyambeki alimsalimia, akasema maneno yote aliyofundishwa na mama, neno kwa neno.

Christabel alifungua faili, akapekua karatasi moja moja hadi ya mwisho. Jina la Bonareri halikuwamo. Akasema usaili ungefanyika Alhamisi, na kwamba jioni ya siku hiyo, Jumatatu, angefunga orodha ya watakaoitwa.

"Barua ulimpa nani?" aliuliza. "Labda Jerusa? Alikuwa akikaa hapa, mwenye miwani. Alihamishwa mwezi uliopita."

Mlango wa kuponyokea ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yake. Angekubali tu, na kosa lote lingemwangukia mtu aliyekwisha kuondoka. Lakini barua ingebaki palepale ilipo, na mama angebaki Kajiado.

"Hapana," alisema, machozi yakimlenga. "Sikumpa mtu. Niliitia kwenye sanduku la hapo nje. Nilikuwa na tope, nikaona haya kuingia. Halafu nikamdanganya mama."

Christabel aliifunga faili. Akamwambia taratibu kwamba lile lilikuwa sanduku la maoni ya wakulima, nalo hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka, kabla ya mkutano mkuu. Kisha akainuka kwenda kumwita meneja, mwenye ufunguo.

Sanduku lilipofunguliwa, yalimwagika malalamiko ya mwaka mzima. Wakulima walilalamikia lori linalochelewa na mizani wasiyoiamini, na mmoja alitaka soda za mkutano ujao ziwe baridi. Katikati ya karatasi hizo ilikuwamo bahasha ya mama, pembe moja imelowa unyevu. Meneja aliishika, akakunja uso.

"Siku ya mwisho ya kupokea barua ilipita," alisema. "Nitajuaje kwamba hii haikutiwa humu jana?"

Ni Mzee Ooko, aliyesogea kutazama sanduku likifunguliwa, aliyekumbuka kitabu chake. Alikwenda getini akakileta, akafunua kurasa kwa kidole chenye mate. Hapo palikuwa na mwandiko wa Nyambeki: tarehe kumi na mbili mwezi wa pili, kuleta barua ya mama ya kazi. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe ishirini. Meneja aliisoma mara mbili, kisha akaliandika jina la Bonareri chini ya orodha.

Jioni hiyo Nyambeki alimpigia mama, akamweleza yote bila kuficha.

"Tutaongea nikifika," mama alisema.

Alifika Jumatano. Masese alimtazama pale mlangoni, akakimbia ndani, akarudi na simu ya baba, akampa ili aongee na mama. Baba aligeuka upande, akajifanya anatafuta kikapu.

Alhamisi mama alisailiwa, akapikishwa na chakula pia. Aliambiwa angepigiwa simu Jumanne. Mwalimu mkuu wa Kajiado alikuwa amemwongezea wiki moja tu. Jumanne simu haikulia. Jumatano asubuhi mama alivaa viatu vyake vizuri, akamwambia baba wafuatane kwenda kuuliza. Baba alikwenda shingo upande. Ofisini Christabel aliwapokea kwa furaha, kwa kuwa barua ya kumwajiri mama ilikuwa tayari mezani tangu jana, na mtu wa kupiga simu alikuwa mgonjwa.

Jioni hiyo, wakila ugali na mboga za managu kando ya moto, mama alimgeukia Nyambeki.

"Kumuuliza mtu kwa heshima si kumsumbua," alisema. "Ofisi ina watu, na watu husahau, huugua na huhama. Kwa hiyo ukipeleka jambo lako, lifuatilie mpaka upate jibu. Lakini wewe ungefuatilia nini, mwanangu, kama hukusema ukweli? Tope la gambuti unaliosha kwa maji dakika moja. Uongo wako mdogo nusura uninyime ninyi kwa miaka miwili. Siku nyingine ukiona aibu, niambie umeona aibu. Sitakuchapa kwa hilo."

"Ndiyo, Mama," Nyambeki alisema, na safari hii hakuwa amesikia tu.

Simu ya baba ililia mezani. Masese hakuinua hata kichwa. Aliendelea kula ugali wake, mgongo ameuegemeza kwenye goti la mama.