Hitima ya Abubakari wa Dubai

"Onga mshi!" Shamsa alisalimia.

Mtu aliyesimama mbele yake kwenye njia ya msituni alikuwa na mabega ya Abubakari, shingo ya Abubakari, na ile namna yake ya kuinamisha kichwa. Alimtazama, hakuitikia, akarudi kinyumenyume hadi ukungu ukammeza.

Jambo hili lilikuwa zito. Kijijini Magamba, ukungu ukishuka, wanaokutana njiani lazima wasalimiane. Asiyeitikia si mtu aliye hai. Na Abubakari, mchumba wake, adhuhuri ileile alikuwa amempigia simu dukani kwa Rajabu, Lushoto mjini, akisema yuko Dubai.

"Harusi tuisogeze mbele," alikuwa amesema. "Miaka miwili tu, Shamsa."

"Miwili? Na mbona sauti yako iko karibu hivyo?"

"Simu za Waarabu ni nzuri." Ikakatika.

Shamsa alikimbia hadi kwa Mama Abubakari.

"Dubai hadi Dar es Salaam ndege inachukua saa tano," alisema, maana jiografia ya kidato cha nne ilikuwa haijamtoka. "Dar mpaka huku basi linakula sita nyingine. Nimeongea naye adhuhuri, mama. Alasiri nimemwona!"

"Ulipomsalimia aliitikia?"

"Hakuitikia."

Mama Abubakari akakaa chini polepole. "Basi amekufa baada ya kukata simu. Roho haisubiri ndege."

Kesho yake mikeka ilitandikwa. Sheikh Saidi aliongoza hitima huku ukungu ukiingia mlangoni, ukifika hadi magotini mwa wasomaji. Ikaja dua. Wote wakaitikia, "Amina."

Kisha, nyuma ya nyumba, ikasikika "Amina" moja peke yake. Kwa sauti ya marehemu.

Wanawake walikumbatiana. Sheikh akafunga msahafu. Shamsa akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba.

Abubakari alikuwa ameegemea ukuta, amevaa koti la wapasua mbao, analia.

"Nimeona watu wamejaa," alisema. "Nani amekufa? Mama?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Onga mshi," Shamsa alisema, akiwa tayari kukimbia.

"Onga."

Shamsa akashusha pumzi, kisha akapandisha hasira. "Haya, Dubai umeondoka saa ngapi?"

"Sikufika. Walinirudisha uwanja wa ndege, pale Dar. Mama alishachinja, kijiji kizima kimenisindikiza. Ningerudi na uso gani? Napasua mbao huko msituni. Jana uliponisalimia niliona aibu, nikajificha ukunguni. Na simu nilikupigia nikiwa Soni."

"Kumbe Dubai iko hapo bondeni! Na mimi ningekusubiri miaka miwili?"

"Nilitaka nijaribu tena. Nikuoe nikiwa mtu."

"Mtu ulikuwa. Jana ndiyo umekuwa mzimu."

Akamvuta ndani. Wasomaji wawili wakaruka nje kupitia dirishani. Taarifa rasmi inasema walikwenda kutawadha. Mama Abubakari alimzaba mwanawe kofi, akasikia shavu lina joto, akamwongezea la pili kwa furaha.

Sheikh Saidi akakohoa. "Ubwabwa umeiva. Watu wapo. Baba wa binti, Mzee Issa, yule pale. Tuna shughuli, au tutawanyike?"

Wote wakamgeukia Shamsa. Abubakari hakuthubutu kuinua macho.

Shamsa alimwangalia kuanzia lile koti hadi matope ya viatuni.

"Sheikh," alisema, "yule wa Dubai mmalizieni hitima yake, apumzike. Huyu mpasua mbao, nifungisheni naye ndoa."