Mshika Kikonyo

Msusi tunayemwita Kitana ana mdomo, hilo halifichiki. Ukikaa kwenye kiti chake kwa saa tatu, utaondoka na mistari kichwani na habari za mtaa mzima. Lakini hii hawasimulii wateja. Aliisimulia mara moja tu, saluni ikiwa imefungwa, na hakucheka hata kidogo.

Dada yake ni mpimaji wa maabara. Kutwa nzima jicho liko kwenye darubini, anatazama damu za watu. Ungedhani akitoka pale angetaka kutazama vitu vikubwa. Wapi! Starehe yake ni kulala kifudifudi kwenye nyasi na kupiga picha maua ya porini, yale madogo tunayoyakanyaga bila habari, kwa lenzi ya kusogeza karibu mpaka chavua inaonekana punje kwa punje. Haziuzi picha zake, wala hazitundiki ukutani. Anapenda tu.

Adui wa kazi hiyo ni upepo. Ua likitikisika kidogo tu, picha inatoka na ukungu. Kwa hiyo mumewe, aliyekuwa seremala, alikuwa analala naye kwenye nyasi kila Jumamosi na kumshikia kikonyo cha ua kwa chini, kwa kidole gumba na kile cha kati. Cha shahada kilikuwa kifupi, kwa maana ncha yake ilibaki kwenye msumeno wa umeme miaka mingi iliyopita. Vidole vikiingia pichani, dada alivikata kwenye kompyuta.

"Mke wangu ananikata kila wiki," shemeji alikuwa akitania, "na bado namfuata."

Kisha shemeji akafariki. Alikuwa anapiga randa mlango wa mteja, moyo ukasimama. Dada hakulia. Msibani hakulia, makaburini hakulia, wageni walipotawanyika hakulia. Aliosha vyombo, akakunja mikeka, Jumatatu akarudi maabara. Watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Kitana hakuuona huo moyo. Akahamia kwake na begi moja na nia moja, dada yake alie. Alie tu, hata kama ni kwa kumtukana yeye.

"Unajisikiaje, dada?" alikuwa akimuuliza kila jioni.

"Sijisikii," dada alijibu, kwa sauti ileile anayosomea majibu ya vipimo.

Mwezi wa pili baada ya msiba, dada akatoa kamera kabatini. Kitana alishukuru Mungu. Jumamosi asubuhi dada alikwenda peke yake kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, akarudi mchana na kufungua picha kwenye kompyuta. Kitana alisimama nyuma yake na kikombe cha chai. Siku hiyo upepo ulikuwa umeangusha nguo zote kwenye kamba, lakini maua yalikuwa yametulia kabisa. Na chini ya kila picha, pembeni, kulikuwa na vidole viwili.

"Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na hivi vya nani?"

Dada alihifadhi picha zote. Vidole hakuvikata.

Mfa maji haachi kutapatapa, na Kitana alitapatapa vya kutosha. Alijiambia ni shemeji, amekuja kumtuliza mkewe, kuna ubaya gani? Na kweli dada alianza kula. Alianza kulala. Kila Jumamosi alikwenda uwanjani, na kila Jumamosi vidole vilipanda zaidi ndani ya picha. Kwanza kucha, halafu viungo, halafu mgongo wa mkono. Jumamosi ya tano Kitana alivitazama vizuri. Kulikuwa na kidole gumba. Kulikuwa na cha shahada. Cha shahada kilikuwa kizima, na ukucha wake.

"Dada," alinong'ona. "Huyu si shemeji."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu picha ya kwanza." Dada akafungua picha nyingine. "Anashika vizuri."

"Na bado unarudi?"

"Nikilala pale, upande wa pili kuna mtu. Hapa nyumbani hakuna."

"Na mimi?"

"Wewe unataka nilie," dada akasema, bila hasira yoyote.

Maneno hayo yalimchoma Kitana kuliko tusi. Usiku mzima alijigeuza kitandani, na kulipokucha alikuwa ameamua. Kama anayetafutwa ni mtu wa kushika, basi yeye yupo. Mikono inayosuka nywele tangu usichana haitetemeki ovyo. Jumamosi iliyofuata alifunga saluni, siku ya wateja wengi kuliko zote, akaongozana na dada yake.

Ilikuwa saa nne, jua limewaka. Dada alifunga kamera kwenye stendi fupi, akaielekeza kwenye ua la njano lenye ukubwa wa kifungo cha shati, akalala nyuma yake. Kitana akalala upande wa pili.

Upepo ulivuma. Nyasi zote zililala upande mmoja.

Ua halikutikisika.

Kitana aliliona hilo. Akanyoosha mkono hivyohivyo. Akapenyeza vidole kwenye nyasi. Akatafuta kikonyo.

Akagusa ngozi.

Ilikuwa baridi. Halafu akagusa ukucha.

Vidole vile vikaachia kikonyo taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake. Ua likaanza kuyumba. Nyasi zikainama, moja baada ya nyingine, zikienda kinyume na upepo. Zilielekea alikolala dada.

Kamera ikalia. Mara moja.

"Dada, inuka."

Dada hakuinuka. Kidevu kilikuwa juu, shingo imenyooka, macho wazi. Upepo ulipeperusha kitambaa chake, lakini kichwa hakikusogea. Kitana alimvuta mabega. Akavuta tena. Mara ya tatu kichwa kikaachiwa ghafla, wote wawili wakaanguka chali.

"Umehisi nini?" Kitana alinong'ona.

"Sijahisi kitu."

Kitana alimpapasa mashavu kwa viganja vyote viwili. Yalikuwa makavu, yana vumbi tu. Ndipo alipokwenda kufungua kamera kwenye stendi. Bado ilikuwa imeelekezwa kwenye ua.

Nyumbani walikuta picha moja tu ya siku hiyo. Haikuwa ya ua. Ilikuwa ya uso wa dada, karibu sana, unaweza kuhesabu kope. Chini ya kidevu, upande huu kidole gumba, upande huu cha shahada, vimeushika uso usitikisike. Picha haikuwa na ukungu hata chembe. Na uso wote ulikuwa umelowa. Macho mekundu, mdomo umepinda, machozi yameteremka mpaka juu ya vile vidole. Kilikuwa kilio cha mtu aliyepewa habari sasa hivi.

Dada aliitazama muda mrefu, uso wake mkavu.

"Masikini," akasema. "Amefiwa na nani?"