Ameoa Tangu Alfajiri

"Shangazi, Hamira ameoa."

Shangazi aliisahau pasi juu ya joho la kwaya, akashtuka, akainyanyua haraka kabla halijaungua.

"Amemuoa nani?"

"Nitajuaje? Soma mwenyewe."

Shangazi alivaa miwani, akaipokea simu ya binti. Ujumbe ulitoka kwa Babu Mchungaji, mmisionari aliyekuja kutoka ng'ambo miaka miwili iliyopita. Ulisomeka hivi:

"Dada mpendwa, Hamira haji mazoezi ya kwaya leo. Ameoa tangu alfajiri, amechoka sana. Ni siri yake, usimwambie mtu. Mungu ambariki."

"Makubwa!" Shangazi akajitupa kitini. "Mtu aoe alfajiri, saa nne awe hoi?"

"Shangazi, sina hamu ya utani."

"Sikutanii, mwanangu. Nashangaa tu. Kijana mtulivu vile!"

"Hao watulivu ndio wenyewe."

Tuseme ukweli, binti alikuwa na haki ya kulia. Wiki nzima alikuwa fundi cherehani, akishona mapazia na sare za shule. Jumapili alikuwa mkalimani wa kanisa lao dogo, chumba kimoja juu ya duka la rangi, chenye viti thelathini vya plastiki na feni inayolalamika kuliko waumini wote. Wiki tatu zilizopita, kwenye ngazi za chumba hicho, Hamira alimwomba akubali kuolewa naye. Akampa muda wa kufikiri hadi Jumapili hii ya kesho, baada ya ibada. Na binti jibu alikuwa nalo. Alishalifanyia mazoezi mbele ya kioo, mara na tabasamu, mara bila.

Hamira halikuwa jina lake. Alikuwa mwokaji wa mikate, mwenye unga kwenye nyusi hata siku za sherehe. Mara ya kwanza alipanda kuleta mkate wa meza ya Bwana, akakaa kiti cha nyuma kungoja kreti lake, na hajaondoka mpaka leo. Alifagia ngazi bila kuombwa. Alijifunza nyimbo zote. Waliomwona akija kimyakimya na kuinuka taratibu ndio waliompa jina. Jambo moja tu lilimshinda, kuomba kwa sauti. Akiitwa kuomba, koo linafunga, anaishia kusema "Amina" ya mwenzake.

Na Jumamosi. Kila Jumamosi alizima simu hadi karibu saa sita, na akiulizwa alisema ana shughuli kidogo. Maneno hayo binti aliwahi kuyasikia kwa mchumba wa zamani. Shughuli kidogo ya yule ilikuwa mke na watoto wawili.

Saa sita simu ikaita.

"Mkalimani wangu, shikamoo!"

"Acha masihara. Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na shughuli kidogo."

"Babu ameshaniambia."

Hamira akacheka kwa aibu.

"Amekuambia? Babu naye! Nilimwomba isijulikane."

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli. Usikasirike basi. Jambo kama lile ukilitangaza linaharibika."

"Na umefurahi?"

"Sana. Ila mgongo ndio unaniuma."

Binti akakata simu. Shangazi, aliyekuwa ametega sikio, akaziba mdomo kwa kanga.

Dakika tano baadaye binti aliandika: "Jibu langu ni hapana. Usinitafute tena."

Jibu lilichelewa kidogo.

"Sijaelewa nimekosa wapi. Nimeumia sana. Lakini kesho nitakuja kanisani, maana sikuanza kuja kwa ajili yako."

Alilisoma mara tatu, na kila mara lilimchoma zaidi. Angetukana ingekuwa nafuu. Akavuta droo, akatoa fomu iliyokaa humo mwezi mzima. Makao makuu ya misheni, kwenye mji wa mbali, yalihitaji mkalimani, na mwisho wa kujibu ulikuwa Jumapili hiyo. Akaijaza, akatia sahihi, akaichomeka ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Unaondoka kwa hasira?" Shangazi akamuuliza.

"Naondoka kwa wito."

"Wito umekuja na mafua? Mbona unavuta kamasi?"

Kesho yake alisimama mbele kama kawaida, ubavuni mwa Babu Mchungaji. Babu alihubiri kwa lugha yake, yeye akageuza neno kwa neno, macho yakikwepa kiti cha nyuma. Mahubiri yalihusu kusamehe. Ilimbidi ayaseme yote kwa mdomo wake mwenyewe, na kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza rangi.

Ukafika wakati wa kuombea mkate. Babu akaangaza chumba.

"Nani anaomba?"

Kiti cha plastiki kikalia nyuma. Hamira alikuwa amesimama. Watu waligeuka wote, na mama mmoja akamnyamazisha mtoto ambaye hata hakuwa analia.

"Mungu," Hamira akaanza, akakwama, akaendelea. "Asante kwa unga. Asante kwa mikono. Yule aliyenikasirikia, mpe amani. Na kama kosa ni langu, nionyeshe. Amina."

Hiyo "Amina" ya watu ilitikisa madirisha. Shangazi alilia bila kuficha. Binti alitazama sakafu. Mtu aliyeoa jana, anaombaje hivi?

Yakaja matangazo. Hapa ndipo palipokuwa na balaa, kwa sababu mahubiri Babu alikubali kutafsiriwa, lakini matangazo na shukrani aling'ang'ania kuyasema mwenyewe kwa Kiswahili. Huyu ndiye aliyewahi kuwaambia, "Tuinamishe vijiko, tuombe." Na siku nyingine, kwa upendo wote, "Bwana anawaponda sana!" Binti alikuwa akimnong'oneza, "Anawapenda, Mchungaji," naye anarudia, na watu wanaitika Amina mara mbili. Walimpenda kwa hilo. Mzee wa miaka sitini na saba anayekubali kuchekwa kila Jumapili ili azungumze na watu wake si mtu wa mchezo.

"Ndugu zangu," Babu akasema, "leo navunja siri ya mtu. Anisamehe. Mnajua wazee wetu saba wasioweza kupanda ngazi hizi?"

"Tunawajua!"

"Kila Jumamosi Hamira anaamka alfajiri. Anaoa kwa ajili yao na jamaa zao. Halafu anawapelekea nyumbani, mlango kwa mlango, na anakaa nao. Anasema ni siri. Jana ameoa mikate arobaini!"

Watu wakatazamana.

"Mingapi?" mtu akauliza nyuma.

"Arobaini! Na Jumamosi iliyopita alioa thelathini!"

Kicheko kililipuka. Watu walishikana mabega, mpiga kinanda akaangukia vitufe, Shangazi akachomoka kitini akipiga makofi na kupaza sauti: "Mgongo! Ndiyo maana mgongo!"

Babu alimgeukia mkalimani wake, kama ilivyo desturi.

"Nimekosea wapi?"

Binti alisimama na kitabu cha nyimbo kifuani, mdomo wazi. Kila Jumapili alikuwa akiokota maneno ya mzee huyu na kuyanyoosha. Moja tu, lililokuja kwenye simu yake, hakuliuliza.

"Ni kuoka, Mchungaji. Ameoka. Kuna K hapo."

"Ameo... ka. Na ameoa ni nini?"

"Ni harusi, Mchungaji."

Babu akavua miwani. "Lakini mimi nilikuandikia..."

"Ndiyo. Uliniandikia."

Uso wa mzee ulibadilika rangi. Akataka kusema kitu, binti akamgusa mkono.

"Leo ushuhuda nautoa mimi."

Kanisa hilo lilikuwa na utaratibu wake, kila baada ya matangazo mtu mmoja anasema Mungu amemtendea nini wiki hiyo. Mkalimani hakuwahi kusimama kwa ajili hiyo. Siku zote alisema maneno ya wengine.

"Mimi ndiye ninayewasahihishia maneno hapa," alisema, na sauti ikapasuka. "Jana nimepata neno moja, nikamhukumu nalo mtu. Sikumuuliza. Nilimfananisha na mtu mwingine aliyeniumiza zamani, nikamwadhibu huyu. Yeye alikuwa anapelekea wazee mikate. Mimi nilikuwa najaza fomu ya kumkimbia, nikaiita wito. Naomba mnisamehe. Na yeye, mbele yenu, naomba anisamehe."

Akaitoa fomu kitabuni, akaichana katikati. Hakuna aliyecheka.

Hamira alikuja mbele taratibu, akipita kati ya viti. Nyusi zilikuwa na unga.

"Nimekusamehe jana ileile," alisema. "Ila ulinipa kazi. Nimekuombea mchana kutwa, kwa sauti, pale kwenye tanuri, mpaka koo likazoea. Bila wewe kunikasirikia, leo nisingefungua mdomo."

"Kwa hiyo nilikufaa?"

"Kidogo. Usirudie."

Watu wakacheka tena, safari hii polepole.

"Na lile jibu la jana?" Hamira akauliza, kwa sauti ya chini ambayo chumba kizima kiliisikia.

"Lilitafsiriwa vibaya," binti akasema. "Lilikuwa ndiyo."

Vigelegele vya Shangazi viliwafikia wauza rangi chini, na mmoja wao akapanda kuuliza kama kuna usalama.

Miezi mitano baadaye, chumba kilekile, viti thelathini na watu sabini. Wazee saba waliokuwa hawawezi kupanda ngazi walipandishwa mmoja mmoja na vijana wa kwaya, wakakalishwa mstari wa mbele. Bibi harusi alikuwa amejishonea gauni mwenyewe. Bwana harusi alinawa nyusi mara tatu.

Babu Mchungaji alikuwa amefanya mazoezi ya lile neno mwezi mzima. Alikataa kunong'onezwa. Aliwashikanisha mikono, akavuta pumzi, akatangaza kwa sauti ya ushindi:

"Ndugu zangu! Mbele za Mungu na mbele yenu nyote, leo Hamira ameoka!"

Kanisa zima likamgeukia mkalimani. Yeye akamtazama mume wake, kisha yule mzee aliyesimama akitabasamu, akingoja kuambiwa kama safari hii amepatia.

"Amina," akasema.