Teke la Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa mpishi wa shule. Kutwa nzima aliinua masufuria, akakoroga, akapakua, akaosha. Jioni tatu kwa wiki alivua aproni, akavaa suti nyeupe ya karate, akaenda ukumbini kwa mwalimu wake. Alianza akiwa na miaka thelathini na sita. Watoto wake pacha walimwita Bingwa. Akiwapa kisogo, walimwita Bingwa wa Mwiko.

Mtihani wa mkanda wa njano ulikuwa umemshinda mara moja. Teke lake la mbele halikufika kifuani. Sasa zilibaki wiki sita kabla ya mtihani wa pili. Akishindwa tena, angesubiri mwaka mzima.

Mumewe alikuwa seremala, na seremala hapendi kubahatisha. Alisimamisha ubao mrefu ukutani mwa karakana yake.

"Mama Pacha, piga teke."

Akapiga. Mumewe akachora mstari kwa penseli pale mguu ulipofika.

"Kila Jumamosi tutapima," alisema.

Jumamosi iliyofuata, mstari ulipanda kwa upana wa kidole kimoja. Seremala akakuna kidevu.

"Siku tatu zimekupa kidole kimoja. Je, ukifanya siku sita?"

"Vidole viwili," alijibu mkewe.

Hesabu ilionekana sawa. Basi siku ambazo hakwenda ukumbini, Mama Pacha alipiga mateke uani, na mumewe alihesabu: mia kulia, mia kushoto. Mwalimu hakuambiwa.

Wiki ikaisha, wakapima. Mstari ulikuwa umeshuka.

"Umekosea kupima," alisema Mama Pacha.

"Mimi? Miaka ishirini napima milango ya watu."

Hata hivyo alipima tena. Ulikuwa umeshuka kweli. Wakaongeza mateke. Jumamosi ya pili mstari ulishuka zaidi. Paja la kulia lilimuuma Mama Pacha. Aliamka amechoka, na jikoni sufuria ilimponyoka, ikamwaga maji nusu ya sakafu.

Seremala alikaa mbele ya ubao wake, akiutazama kama mtu aliyeandikiwa barua asiyoielewa. Kazi imeongezeka. Mbona faida inapungua?

Jirani yao alifika kuchukua kiti alicholeta kutengenezwa. Alikuwa muuguzi wa hospitali, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia wagonjwa kurudisha nguvu za viungo. Aliiona ile mistari.

"Hii ni nini, shemeji?"

Wakamweleza. Hakucheka. Alishika kiti chake.

"Mguu huu umeutia gundi leo. Naweza kukikalia?"

"Hapana. Mpaka kesho."

"Kwa nini?"

"Gundi ikivutwa kabla ya kukauka, inaachia."

"Na misuli ni hivyo hivyo. Mazoezi huichosha. Inajijenga ukipumzika na ukilala vizuri. Nyinyi mnaikalia kabla haijakauka."

Seremala aliugusa ule mguu wa kiti. "Lakini wale mabingwa hufanya mazoezi karibu kila siku."

"Walianza miaka mingi iliyopita, wakaongeza polepole. Nao wana siku nyepesi na siku za kupumzika kabisa. Tena hawabebi masufuria ya watoto mia tatu. Dada, ile nayo ni kazi ya mwili. Ihesabu."

"Sasa nifanye siku ngapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Kwa anayejifunza, mbili au tatu zinatosha. Kati ya siku na siku, pumzika. Tembea, nyoosha viungo taratibu. Kwanza liache hilo paja kwa siku tano. Lisipopoa, njoo hospitali. Na mwambie mwalimu wako ukweli."

"Wiki tatu tu zimebaki, dada. Nikae kitako siku tano?"

"Kaa."

Kukaa kulimshinda kuliko mateke. Pacha walimlinda uani kama askari. "Bingwa, rudi ndani," walisema kila aliponyanyua mguu.

Siku ya sita paja lilikuwa limepoa. Mama Pacha alirudi ukumbini, akamweleza mwalimu kila kitu, akaanza tena siku zake tatu. Jumamosi mstari ulirudi pale pa juu. Jumamosi ya pili ulipita.

Siku ya mtihani, mtahini alishika ngao ya mazoezi usawa wa kifua. Mama Pacha alivuta pumzi, akapiga. Ngao ikalia, na mtahini akarudi nyuma hatua moja. Jina lake lilisomwa la tatu kati ya waliofaulu.

Wakati wengine wanampongeza, seremala alimsogelea mwalimu.

"Mtu wa miaka arobaini na minne, hajawahi kupiga teke. Aanze na siku ngapi?"

"Mbili. Jumanne na Ijumaa."

"Mbili tu? Maana nikifanya nne..."

"Baba Pacha," alisema mkewe, "usianze."

Jumanne seremala alikwenda ukumbini. Jumatano asubuhi alishuka kitandani ubavu ubavu, akashika ukuta mpaka mlangoni. Hakuuliza tena kwa nini siku ya pili ni Ijumaa.