Geti la Mwisho

Haya yalimpata rafiki yangu Tamsin enzi akisoma Leeds, Uingereza, siku kikundi chao cha chuo kilipopanda vilima vya Yorkshire katikati ya Januari, kwa njia inayokatiza mashamba ya kondoo yenye mageti.

"Wewe uliye nyuma kabisa, funga mageti," kiongozi wao, Gareth, alimwambia. "Kondoo wakitoroka, mwenye shamba tutamkoma."

Giza liliwakuta mapema. Kila Tamsin alipofunga geti na kusogea kidogo, alisikia komeo la chuma likifunguliwa nyuma yake, kisha likifungwa tena taratibu. Akigeuka, haoni mtu.

Geti la mwisho aliliacha wazi makusudi, akakimbia kuwafuata wenzake. Safari hii komeo halikulia. Pumzi baridi ikampuliza sikioni, na sauti ya kizee ikamwambia bila hasira, "Geti, binti yangu. Umelisahau."