Raba ya Shambani na Raba ya Gari

Wanpen alirudi kutoka shambani jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Alikuwa amegema miti ya mpira tangu saa nane usiku. Alivua taa ya kichwani, akaketi kwenye ngazi ya jikoni bila kunawa mikono. Mikono ilinuka utomvu. Mgongo ulimuuma. Usingizi ulimjaa machoni, lakini kulala hakukuwezekana. Ilikuwa Jumatano, siku ya kumpeleka mama mkwe hospitali.

Mama mkwe huyo aliitwa Chaluai. Figo zake zilikuwa hazifanyi kazi tena. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilikuwa lazima awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Kutoka kijijini kwao hadi mjini Trang ni mwendo wa saa nzima. Wanpen ndiye aliyeendesha gari, kwenda na kurudi, akipiga miayo njia nzima.

"Mama, tujiandae," aliita.

"Jiandae wewe. Mimi siendi."

Chaluai alikuwa kibarazani, anakunja tambuu yake taratibu. Hakumtazama mkwewe.

"Huendi wapi tena, mama?"

"Siingii kwenye gari lile. Juzi limenitikisa mpaka meno mawili niliyobaki nayo yamegombana. Natoka kwenye mashine mkono unauma, mifupa inauma, halafu mnaniingiza kwenye mashine nyingine ya kunisaga. Nimechoka, Wanpen. Niacheni nife hapa hapa kwangu."

Maneno hayo yalimkata Wanpen maini. Alibembeleza, akaomba, mwisho akaacha. Mzee akishasema hapana, ni hapana. Alimpigia simu muuguzi.

"Leo amekosa, na kesho nafasi zimejaa," muuguzi alisema. "Ijumaa asikose kabisa. Maji yanajaa mwilini, dada. Apunguze kunywa, asile chumvi. Mkiona anahema kwa shida, mleteni saa hiyo hiyo, msingoje Ijumaa."

Wanpen alikata simu, akatazama miguu ya mama mkwe. Ilikuwa imeanza kuvimba. Aliogopa.

Thawin, mumewe, alifika na ndoo mbili za utomvu. Aliposikia habari aliweka ndoo chini.

"Gari nitalitengeneza tena."

"Kama ulivyolitengeneza mwezi uliopita?" Wanpen aliuliza.

Thawin alichukua ufunguo wa gari. Mwezi uliopita gari lilipoanza kutetemeka, alifungua boneti akaona raba zinazoshika injini zimechanika. Mafundi huziita mauntingi. Thawin akacheka. Mtu ana shamba zima la mpira, akanunue raba dukani? Akachukua utomvu wake, akaugandisha kwa asidi kama anavyofanya kila siku. Akaukausha juani, akaushindilia kwenye nyufa zote. Wiki ya kwanza gari lilitulia. Majirani wakamsifu, naye kichwa kikavimba. Akalitengeneza hivyo hivyo na gari la binamu yake. Wiki ya tatu mtetemeko ukarudi, mkali kuliko wa kwanza, na harufu mbaya ndani. Chaluai akasema labda pepo mlinzi wa gari amekasirika. Wakamtundikia shada la maua kwenye kioo. Maua nayo yakatikisika mpaka yakapukutika.

Thawin aliwasha gari asikilize. Milango ikagonga, vioo vikalia. Sauti hiyo ilimtoa nje jirani yao, Malai. Malai alifanya kazi gereji miaka ishirini pamoja na marehemu mumewe. Alivuka ua akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Hilo gari au mashine ya kukoboa mpunga?" aliuliza.

"Dada Malai, leo sina nguvu ya utani," alisema Wanpen. "Mama amekataa kwenda hospitali kwa ajili ya gari hili."

Malai aliweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika.

"Basi tulitazame. Wewe kaa kwenye usukani. Vuta breki ya mkono. Kanyaga breki ya mguu mpaka mwisho, wala usiiachie. Thawin, toka mbele ya gari! Simama ubavuni. Breki ikiteleza utakuwa chapati."

Thawin aliruka pembeni.

"Sasa tia gia ya kwenda mbele. Gusa mafuta kidogo. Kidogo tu."

Wanpen aligusa. Injini iliruka juu, ikaanguka kwa kishindo. Alipoachia mafuta, ikagonga tena.

"Zima," alisema Malai. "Mmeona? Hata injini nzuri haikosi kutetemeka. Ndiyo kazi yake. Lakini haitakiwi kuruka. Mauntingi huishika isihame, na raba yake humeza mtetemeko usiwafikie watu ndani. Hizi zimekwisha. Chuma kinagonga chuma. Mkiendelea hivi, mipira ya maji na nyaya zitavutwa mpaka zikatike, na gari litawaacha njiani na mgonjwa."

Wakangoja injini ipoe. Kisha Malai akaingiza kidole kwenye ufa, akakitoa na kitu cheusi kinachonata na kuvutika. Akakinusa.

"Hiki ni nini, Thawin?"

"Raba."

"Raba ya nani?"

"Ya shambani kwangu. Raba ni raba, dada."

"Na unga ni mkate?" aliuliza Malai. "Utomvu wako ukikauka bado ni mbichi. Raba ya gari hupikwa kiwandani pamoja na salfa, ndipo inapopata nguvu. Hii yako ikipata joto la injini inalegea. Ikipata oili inageuka uji. Nilisikia wanakusifia sokoni kwamba umekuwa fundi. Mgema akisifiwa..."

"Tembo hulitia maji!" Chaluai alimalizia kule kibarazani, akacheka mpaka akakohoa. Wanpen alifurahi kusikia kicheko kile, lakini kikohozi kilimtia wasiwasi.

Thawin alijikuna kichwa. Aibu ilimshika kweli kweli.

"Haya, nimekosa. Naenda kununua mpya sasa hivi. Mpaka mchana nitakuwa nimemaliza."

"Umelala saa ngapi?" Malai aliuliza.

"Sijalala."

"Na mkeo?"

"Naye hajalala."

"Basi leo hakuna atakayeshika spana hapa. Injini hiyo ni nzito kuliko magunia mawili ya mchele. Mwenye usingizi husahau bolti, au huacha vidole mahali pasipofaa. Laleni. Jioni nenda dukani. Beba kadi ya gari. Mwambie muuzaji aina ya gari, mwaka na injini yake. Raba za gari lingine hata zikifanana, matundu yake hayalingani. Ziko tatu. Nunua zote tatu, maana moja mpya katikati ya mbovu hufa haraka. Kesho nitakuja."

Usiku ule mvua ilinyesha. Mti uliolowa haugemwi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Wanpen alilala mpaka kukapambazuka. Alipoamka, kitu cha kwanza alikwenda kusikiliza pumzi ya mama mkwe. Ilikuwa nzito kidogo, lakini haikuwa ya shida. Miguu ilikuwa imevimba zaidi ya jana.

Malai alikuja na sanduku la spana, jeki na stendi mbili za chuma za kushikilia gari. Walisukuma gari hadi kwenye banda la kukaushia mpira, ambako sakafu ni ya saruji na iko sawa. Walivuta breki ya mkono, wakaweka matofali nyuma ya magurudumu. Injini ilikuwa ya baridi. Malai alimwambia Wanpen afungue waya hasi wa betri kwanza, spana isije ikapiga cheche.

Thawin alisukuma jeki chini ya injini.

"Ngoja! Hapo ni sampo, bakuli la oili," alisema Malai. "Chuma chake ni chembamba. Ukiibana na jeki peke yake utaitoboa. Weka ubao mnene katikati, ugawanye uzito."

Thawin alileta ubao wa mti wa mpira.

"Ona sasa. Shamba lako limesaidia hatimaye," alisema Malai. "Pandisha pole pole. Hatuinui gari, tunaipunguzia mauntingi mzigo. Injini ikisogea kidogo tu, acha."

Thawin alipandisha, akaacha. Alifungua bolti za mauntingi ya kwanza, zikatoka kwa shida. Kabla hajaiondoa, alianza kulegeza ya pili.

"Moja!" Malai alifoka. "Moja kwanza, mpaka ikae. Ukizifungua zote, injini inabaki juu ya jeki peke yake, na jeki haina huruma na mtu."

"Nilitaka tumalize upesi. Mama anangoja."

"Najua. Ndiyo maana hatutaki wagonjwa wawili."

Wanpen aliitoa ile raba ya zamani. Ilikuwa imechanika vipande viwili, imejaa uji mweusi. Aliiweka kando ya mpya, akalinganisha matundu. Yalikuwa sawasawa. Walipoiweka mpya mahali pake, tundu moja halikukutana na lenzake. Thawin akataka kuingiza kidole apapase. Malai alimpiga mkono kwa tambara.

"Kidole si bolti! Injini ikishuka kidogo kitabaki humo. Tumia jeki. Shusha kidogo. Bado. Hapo."

Bolti ikaingia. Malai aliwafundisha kuzianza zote kwa mkono kwanza, zisipande mshazari. Kisha washushe jeki mpaka raba ibebe mzigo wake na kukaa vizuri. Hapo ndipo wakaze. Kwa kukaza alileta spana ya kupimia mkazo, akasoma namba kwenye kitabu cha gari. "Bolti iliyolegea hutoka, na iliyozidishwa hukatika," alisema. "Msikaze kwa hasira."

Ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Ya tatu ilikuwa chini, nyuma ya injini. Hapo waliinua gari mbele, wakaliweka juu ya stendi zote mbili. Malai alilisukuma kwa nguvu kuona kama limetulia. Kisha wakaweka tena jeki na ubao chini ya injini.

"Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki tu," alisema. "Hata kwa dakika moja. Hata kama ni fundi." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, na Wanpen akamkumbuka marehemu mume wa Malai.

Walimaliza alasiri, wakalishusha gari. Walikuwa weusi kwa mafuta. Wanpen alirudisha waya wa betri, akawasha. Malai akarudia jaribio la jana. Injini iliinama kidogo tu, ikarudi kimya.

Thawin alishika simu. "Nampigia binamu," alisema. "Nimwambie ile raba yangu aitoe leo leo."

Ijumaa asubuhi Wanpen alisogeza gari hadi mbele ya kibaraza. Chaluai hakuinuka.

"Liwashe kwanza nisikie."

"Linawaka, mama."

"Unanidanganya. Limezimika."

"Njoo ushike mwenyewe."

Chaluai alijikokota kwa miguu yake iliyovimba. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo kitambo. Alifungua mlango, akaingia, akafunga.

Barabara ilikuwa na mashimo yale yale, na Wanpen alikuwa na usingizi ule ule, maana usiku huo walikuwa wamerudi shambani. Lakini usukani haukumtetemesha mikono. Kwenye taa za kuingia mjini alisimama. Zamani hapo ndipo gari lilipotikisika kuliko popote, na mama mkwe angeanza kuguna. Hakusikia kitu. Aligeuka kwa hofu. Chaluai alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirishani, mdomo wazi, anapumua.

Hospitalini waliisafisha damu na kuyapunguza maji yaliyojaa. Muuguzi aliwagombeza wote wawili, naye alikuwa na haki. Mchana Wanpen alimshika mama mkwe mkono kurudi kwenye gari. Mlangoni Chaluai alisimama.

"Wanpen."

"Naam, mama."

"Jumatatu tutoke mapema. Nataka kitanda cha karibu na dirisha."

Wanpen alimfungulia mlango upesi, asione machozi yake.